Sura ya Tano: Samaki Anayekufa Maji

Wavuvi wa Ziwa Viktoria wanamjua samaki ambaye akinasa jioni kwenye wavu wa chini, asubuhi hutolewa amekufa maji. Hakujeruhiwa wala hakuugua. Amekufa maji kama mtu aliyetumbukia kisimani. Huyo ni kamongo. Waganda humwita mmamba, na kwao ni jina la ukoo mkubwa ambao watu wake hawamli. Tangu utotoni tukitaka mfano wa kiumbe aliye kwao majini tunamtaja samaki. Na huyu ni samaki, ana magamba na mapezi, na bado maji yanaweza kumuua.

Sababu yenyewe haina uchawi. Kamongo ana matamvua kama samaki wengine, ila yamedhoofu kiasi kwamba akishakua hayamtoshi. Karibu pumzi yake yote huitafuta juu. Kila baada ya muda hupanda, huchomoza mdomo, humeza hewa, kisha huzama, na hewa hiyo huingia katika mapafu mawili. Ni mapafu kwelikweli. Mzuie asifike juu, nawe umemziba pua.

Kwa nini samaki ajitie katika taabu ya namna hii? Nenda kwenye mafunjo, pale ziwa linapogeuka tope. Maji yamesimama, yana joto, na majani yanaoza ndani yake mwaka mzima. Kuoza kunakula oksijeni, hata samaki wa kawaida akiingia humo hutweta na kugeuza njia. Chakula kipo tele, konokono na wadudu na samaki wadogo, lakini hewa hakuna. Aliyeweza kuivuta hewa ya juu alikikuta chakula hicho hakina mshindani. Kamongo alichagua mapafu, kama neno kuchagua linaweza kutumika kwa jambo lililochukua mamilioni ya miaka bila mtu kuamua lolote.

Kisha kuna kiangazi. Yule wa Ziwa Viktoria hasumbuki nacho mara nyingi, maana ziwa haliondoki. Ndugu zake wa mito na madimbwi, wa pwani yetu na wa Afrika Magharibi, ndio mafundi wa kazi inayofuata. Dimbwi likianza kukauka, samaki hachimbi kwa mkono wala pua. Anachimba kwa kinywa. Anang'ata tope na kulitema kupitia matamvua, anashuka huku akipinda, mpaka amejikunja na mkia umefunika uso. Mwili unatoa ute mwingi, na ute unakauka ukawa ganda jepesi kama karatasi lililomzunguka pande zote. Tundu moja tu linabaki, mbele ya mdomo. Juu yake tope linakuwa gumu kama tofali. Watu wanapita, ng'ombe wanapita, na chini ya miguu yao samaki anapumua polepole akingoja mvua. Katika maabara wako waliokaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja.

Ganda hilo lilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ni ute mkavu basi. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kuwa lina seli hai ndani yake, zikiwemo seli za kinga zinazonasa bakteria wa kwenye tope kabla hawajamfikia mwenyewe. Kwa hiyo ganda hilo ni blanketi lake na mlinzi wake wa usiku.

Lakini shida kubwa ya aliyelala chini ya udongo iko kwenye choo. Mwili wa mnyama yeyote ukitumia protini unabaki na amonia, nayo ni sumu. Samaki wa kawaida hana wasiwasi nayo, anaiachia itoke kwenye matamvua, maji yanaichukua. Kamongo aliyezikwa hana maji ya kuichukua, na ameshaacha kukojoa ili asipoteze hata tone. Anachofanya ni kuigeuza amonia kuwa yurea, ile ile inayouzwa kwa mifuko kwenye maduka ya pembejeo, ambayo sumu yake ni ndogo sana, na kuilimbikiza mwilini mpaka mvua inyeshe. Chakula chake muda wote huo ni misuli yake mwenyewe. Mvua ikija, anatoka amekonda, amejaa mbolea, na jambo la kwanza analofanya ni kupanda juu kuvuta pumzi.

Mmarekani Homer Smith, mmoja wa wataalamu wakubwa wa figo wa karne iliyopita, alivutwa na samaki huyu kwa sababu hiyo hasa: alitaka kujua figo zinafanya nini pale maji yanapokosekana. Mwaka 1932 alichapisha kitabu ambacho hakukipa jina la Kilatini. Alikiita *Kamongo*.

Hoja ninayotaka kuibeba katika sura hii nzima naiweka hapa mapema. Vitabu vingi vya wanyama hupenda kusema kwamba maumbile "yamemjalia" huyu mapafu na "yamemzawadia" yule sumu. Maneno hayo yananisumbua. Zawadi ni kitu unachopewa ukaenda nacho popote. Mapafu ya kamongo hayakuja hivyo. Kwa kuyapata aliyaacha matamvua yadhoofike, na sasa hawezi kurudi kuwa samaki kamili hata maji yakiwa safi namna gani. Mimi naona inafanana zaidi na rehani. Mwili unapata unachokihitaji leo, na dhamana yake ni mahali. Ukiwa palepale, deni halionekani. Ukihamishwa, au mahali pakibadilika, mdai anabisha hodi.

Tuliangalie deni hilo kwa samaki mwingine, ambaye naye hutengeneza yurea, ila kwa sababu iliyo kinyume kabisa.

Kila jikoni panapopikwa maharage magumu au kisamvu panajulikana magadi. Jiwe jeupe, kipande kidogo, sufuria nzima inalainika. Sasa chukua ziwa zima ulifanye hivyo. Ziwa Magadi, kusini-magharibi mwa Nairobi, sehemu kubwa ya uso wake ni ukoko wa magadi unaoweza kubeba mtu, na pembeni kuna vidimbwi vinavyolishwa na chemchemi za moto. Maji yana pH ya karibu 10. Mchana katika baadhi ya vidimbwi joto hupita nyuzi 40. Usiku oksijeni hupungua mpaka karibu iishe kabisa. Humo anaishi perege mdogo, kwa kawaida asiyezidi urefu wa kiganja, akila mwani na kulea watoto kinywani kama perege wengine wanavyofanya. Binamu yake wa maji baridi ukimtia humo hamalizi saa.

Maelfu ya miaka iliyopita Magadi na Natron, upande wa pili wa mpaka, zilikuwa ziwa moja lenye maji mengi na matamu kuliko sasa. Hali ya hewa ikakauka, maji yakapungua, chumvi ikabaki, na samaki wakabaki nayo. Perege wa Magadi hakwenda kutafuta jehanamu. Jehanamu ilimfuata nyumbani.

Tatizo lake kubwa lilikuwa amonia. Nimesema samaki wa kawaida huiachia itoke. Nikaruka kueleza kwamba maji ya kawaida, yenye uasidi kidogo kandokando ya matamvua, huipokea ile amonia na kuifungia isirudi ndani. Maji ya magadi hayafungii kitu. Amonia inagoma kutoka, inarundikana, inaua. Samaki wengi wana jeni za kutengenezea yurea, huzitumia wakiwa mayai na vifaranga kisha huzizima. Perege wa Magadi hakuzizima. Taka zake zote za aina hiyo hutoka kama yurea, na jambo hilo lilipotangazwa mwaka 1989 lilikuwa geni, maana hakuna samaki mwingine wa mifupa anayeishi majini muda wote aliyejulikana kufanya hivyo kikamilifu.

Gharama yake? Kutengeneza yurea kunakula nguvu, na kusukuma chumvi nje ya mwili kunakula nguvu, na joto lenyewe linaharakisha kila kitu. Watafiti waliompima katika vidimbwi vya moto zaidi walikuta mwili wake unachoma nguvu kwa kasi ambayo haikuwahi kupimwa kwa samaki yeyote, kasi ya mamalia mdogo. Ndiyo maana ukimtazama utamwona anakula, anakula, anakula. Kamongo aliye chini ya tope anaishi kwa kutumia kidogo kuliko mtu angeamini. Perege wa Magadi anaishi kwa kutumia kingi kuliko mtu angeamini. Dawa moja, yurea, na bei mbili tofauti.

Kwenye nchi kavu mambo yako hivyohivyo, na kwa panya wa Laikipia deni limeandikwa kwenye ngozi. Panya-miiba, anayeishi kwenye miamba ya huko, ukimshika anakuachia ngozi mkononi. Si mkia tu kama mjusi; anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo akakimbia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, ukiongozwa na Ashley Seifert akiwa pamoja na Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao, ulikuta ngozi yake ni dhaifu mara 20 kuliko ya panya wa kawaida. Kisha kidonda kinafunga haraka, na ngozi mpya inarudi na vinyweleo vyake na tezi zake, bila kovu. Hata tundu lililotobolewa sikioni linazibika. Wewe na mimi tukikatwa tunaweka kovu, na kovu ni kiraka tu. Madaktari wana sababu nzuri ya kumwonea wivu. Lakini kumbuka anaanzia wapi: ni mnyama aliyevaa shati la karatasi.

Na nani alijivika asichokuwa nacho? Yupo panya mkubwa wa milima na misitu ya Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu ya kijivu na meupe, mwendo wa pole, anayetoka usiku kama mzee anayerudi kutoka msikitini. Panya wa kawaida anakimbia. Huyu akikutana na mbwa husimama, husimamisha manyoya ya mgongoni, kisha huyagawanya ubavuni kama mtu anayefungua koti, na ndani unaonekana mstari wa manyoya ya rangi ya udongo. Ni kama anamwambia mbwa: ng'ata hapa. Mbwa mjinga hung'ata hapo, na mbwa waliofanya hivyo wametoa povu, wamepooza, wengine wamekufa.

Watu wa mashambani walikuwa wanajua kitambo kwamba panya huyu ana sumu. Ambalo halikujulikana ni anaitoa wapi. Jonathan Kingdon, mtaalamu wa wanyama na mchoraji aliyezaliwa Tabora, pamoja na Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao, walilijibu swali hilo katika utafiti uliotoka mwaka 2011. Walimpa panya magome na mizizi ya mti ambao wawindaji wa Afrika Mashariki wanaujua vizuri sana, mti wa sumu ya mishale, ambao Wamaasai huuita olmorijoi. Panya akatafuna gome, akalichanganya na mate, kisha akajipaka mchanganyiko huo ubavuni, kwenye ule mstari tu, si penginepo.

Na manyoya ya pale si manyoya ya kawaida. Chini ya hadubini ganda la nje la kila unywele limetobokatoboka kama kimia, na ndani kuna nyuzinyuzi nyembamba zinazovuta majimaji. Ni utambi. Unavyofanya kazi ndivyo unavyofanya utambi wa kibatari kwenye mafuta ya taa: tia ncha, kimiminiko kinapanda chenyewe na kukaa humo kikingoja. Sumu yenyewe inashika moyo. Kwa mishale iliyopakwa sumu hiyohiyo Wawata wa nyika ya Pwani waliwaangusha tembo, na jina ambalo wanakemia wanalitumia, waabaini, limetoka katika neno la Kisomali la sumu ya mishale. Zamani ilikuwa pia dawa ya moyo hospitalini. Dozi ndiyo iliyotofautisha.

Hapa rehani haifichiki. Panya huyu hatengenezi sumu hata chembe. Ulinzi wake wote umekopwa kutoka kwa mti mmoja. Fuvu lake limekuwa nene na ngozi yake ngumu, ili aweze kustahimili ule mng'ato wa kwanza kabla sumu haijafanya kazi. Miguu yake imesahau mbio. Palipo na mti, yeye ni bwana wa usiku. Uking'oa miti, umemwacha mnyama mzito asiyejua kukimbia.

Sasa nifike kwa yule ambaye sura hii isingekamilika bila yeye, ingawa nakiri kwamba sijawahi kuona picha yake nzuri. Si kosa la wapiga picha.

Mkulima wa mihogo Tanzania akisikia neno fuko anamfikiria adui mwenye manyoya laini, anayeishi peke yake chini ya shamba na kula mizizi usiku na mchana. Kenya, Ethiopia na Somalia, kwenye nyika kavu, yuko binamu yake ambaye ameachana na karibu kila kitu kinachomfanya mnyama aitwe mamalia wa heshima. Hana manyoya, ila vinywele vichache vya kupapasia. Macho ni kama vitundu vya sindano. Masikio ya nje hakuna. Ana uzito wa gramu 30 na kitu, ngozi ya waridi iliyokunjamana, na meno manne yaliyochomoza nje ya midomo. Mithili ya kidole kilichokaa kwenye maji ya kufulia mchana kutwa, kikaota meno. Fuko uchi, ndivyo anavyoitwa, na jina halimwonei.

Kisa chake cha kisayansi kilianzia mahali ambapo yeye hakuwepo. Mwaka 1976 Richard Alexander, mtaalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Michigan, alikuwa akitoa mihadhara Marekani juu ya swali moja: kwa nini mchwa, nyuki na siafu wana malkia mmoja anayezaa na vibarua wasiozaa, ilhali hakuna mamalia anayejulikana kuishi hivyo? Hakuishia kwenye swali. Alimbuni mnyama. Akasema, kama angekuwepo, angekuwa mgugunaji, angeishi chini ya ardhi katika nchi ya joto, kwenye udongo mgumu usioingilika na maadui, na angekula viazi vikubwa vya porini. Alipomaliza kusema hayo huko Arizona, mtaalamu wa mamalia aliyekuwa akisikiliza, Terry Vaughan, akamwambia kwamba mnyama aliyemweleza yupo Afrika, na kwamba mwenye habari zake ni Jennifer Jarvis. Jarvis alikuwa amewachunguza mafuko hao Kenya kwa miaka, akijiuliza kwa nini miongoni mwao jike anayezaa ni mmoja tu. Mwaka 1981 alichapisha jibu: ni mamalia wenye malkia.

Malkia huyo hazaliwi malkia. Ni jike aliyewashinda wengine, mara nyingi kwa vita vya kuuana baada ya malkia wa zamani kufa. Akishatawala, pingili za uti wake zinarefuka ili tumbo lipate nafasi ya watoto kumi na zaidi kwa mara moja. Wengine wote, na koloni lina wastani wa wanyama 70 au 80, huchimba, hulinda, hubeba watoto na kunyamaza kuhusu kuzaa. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kila koloni lina lafudhi yake: mlio wa salamu unatofautiana kati ya koloni na koloni, mtoto aliyelelewa kwingine huokota lafudhi ya walezi wake, na malkia akiondoka lafudhi inavurugika mpaka mwingine ashike kiti.

Kwa nini utaratibu huu wa kifalme? Jibu liko kwenye viazi. Katika nyika kavu viazi vya porini ni vikubwa ila vimetawanyika, na udongo wa kiangazi ni kama saruji. Kipindi cha kuchimba kwa nafuu ni siku chache baada ya mvua. Mchimbaji mmoja anaweza kupita pembeni ya kiazi bila kukijua na kufa njaa nusu mita kando yake. Wachimbaji themanini wakisambaa, mmoja atagonga. Kikishagongwa kinalisha ukoo kwa miezi, na mafuko hawakimalizi: wanakitafuna ndani, wanaliacha ganda, wanafukia, na kiazi kinaendelea kuota. Shamba wanalo, tena wanalitunza kuliko baadhi yetu.

Kazi yote inafanywa na meno. Karibu robo ya misuli ya mwili iko kwenye taya. Midomo hufunga nyuma ya meno, si mbele, kwa hiyo anachimba kinywa kimefungwa bila kumeza udongo, na meno mawili ya chini anaweza kuyatanua na kuyabana kama vijiti vya kulia chakula vya Wachina.

Ukijaza wanyama themanini kwenye chumba kimoja kisicho na dirisha, hewa itachafuka. Ndiyo hali yao ya kila siku: oksijeni kidogo, kaboni dayoksaidi nyingi. Mwaka 2017 watafiti waliwaweka mahali pasipo na oksijeni kabisa. Panya wa maabara alikufa kabla dakika haijaisha. Fuko uchi alizimia, moyo ukapungua kasi, na baada ya dakika 18 aliporudishiwa hewa akaamka kama aliyesinzia. Ubongo wake ulikuwa umebadili chanzo cha nguvu, ukaacha glukosi na kutumia sukari ya matunda, njia isiyohitaji oksijeni. Kaboni dayoksaidi nyingi pia huyafanya majimaji ya mwili kuwa na uasidi, na uasidi unauma. Yeye hasikii maumivu hayo. Hata ukali wa pilipili kichaa ukimpaka ngozini haumwashi.

Na anaishi zaidi ya miaka 30. Panya mwenye ukubwa kama wake akifika miaka mitatu ni mzee. Saratani kwake ni nadra mno, na uchambuzi wa kumbukumbu za maelfu ya mafuko wa maabara, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba hatari yao ya kufa haiongezeki umri unavyopanda. Kwetu sisi kila miaka michache hatari hiyo huongezeka maradufu. Haishangazi kwamba kuna maabara nyingi za Ulaya na Marekani zenye masanduku ya plastiki na mabomba yaliyojaa wanyama hawa wa Ukambani na Ogadeni.

Wanaomwandikia sifa fuko uchi huishia hapo. Lakini mtoe nje umtazame. Mwili wake hauwezi kushikilia joto lake wenyewe. Ukimweka peke yake mahali penye baridi, anapoa pamoja na chumba. Shimoni hajali, maana joto la ardhi halibadiliki sana, na akipata baridi anajibanza katika lundo la ndugu. Nje, jua linamuunguza na usiku unamgandisha. Hata ile hewa chafu amekuja kuihitaji. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba ukimpasha joto katika hewa ya kawaida hupata degedege, kama mtoto mwenye homa, na ukimrudishia kaboni dayoksaidi anatulia. Hewa tunayoiita safi, kwake ni ugonjwa. Kamongo hawezi kuishi bila kutoka nje kuvuta pumzi. Huyu hawezi kuishi bila kubaki ndani.

Wote niliowataja mpaka sasa bado wanapata huduma ya dhamana yao: mafunjo yapo, ukoko wa magadi upo, mti wa sumu upo, ardhi ngumu ipo. Yuko mmoja ambaye mahali pake paliondolewa.

Chura wa Kihansi hana haja ya utambulisho kwa msomaji wa Tanzania wa umri fulani. Alichekwa vijiweni, akalaumiwa kwa mgao wa umeme, akawa mzaha wa taifa: eti chura anatuzuia kuwasha taa. Ni mdogo, rangi ya dhahabu, jike mkubwa kabisa hafikii sentimita tatu. Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walimgundua mwaka 1996, wakati mazingira ya mto yalipokuwa yakikaguliwa kwa ajili ya mradi wa umeme uliokwisha kuanza. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili, pembeni ya maporomoko ya mto Kihansi yanayoshuka kutoka milima ya Udzungwa. Viwanja viwili vitatu vya mpira.

Alichokitegemea ni rasharasha. Maji yakigonga miamba yanapasuka kuwa ukungu, ukungu unalowesha nyasi na mawe saa zote, na joto halipandi wala kushuka sana. Kutaga mayai kwenye mto ule kungekuwa kuyatupa. Kwa hiyo chura huyu hatagi. Mayai yanaangulia tumboni na mama anazaa vichura vilivyokamilika, vya milimita kama tano, miguu minne tayari. Hatua ya kiluwiluwi majini ameiondoa kabisa. Kwa maji ya mahali pale huo ulikuwa mpango mzuri kuliko wowote ambao mhandisi angeuchora.

Mitambo ilipowashwa, yapata mwaka 2000, maji mengi yalielekezwa kwenye bomba, na korongo likabaki na kama sehemu moja ya kumi. Ukungu ukakatika. Novemba 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye wengine wakaenda Toledo, Ohio. Korongoni yakawekwa mabomba yenye vinyunyizio, ili kuiga rasharasha ya mto. Yalisaidia, Juni 2003 vyura walihesabiwa yapata 20,000. Kisha, kwa miezi michache, wakaanguka. Kuvu ya maradhi ya ngozi inayoua vyura duniani kote ilikuwa imefika. Januari 2004 walionekana watatu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayupo tena porini.

Huko New York wafugaji walikuwa wanajifunza bei ya kila kitu ambacho Kihansi ilikuwa ikitoa bure. Wakabadilisha taa na chakula, wakapima maji, na vyura wakaendelea kufa mpaka wakakaribia kwisha. Polepole wakapata kipimo, na wale waliobaki wakaanza kuzaa ndani ya vioo. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, kwenye chumba maalumu cha Chuo Kikuu, na Desemba 2012 zaidi ya 2,000 wakapelekwa korongoni.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuuona mto. Walifunguliwa juu ya majani yaliyoloweshwa na mabomba, palepale ambapo babu wa babu zao walikuwa wakiloweshwa na maporomoko. Vinyunyizio vikaendelea kupiga ukungu juu ya mawe, na wale vyura wa dhahabu wakaruka wakaingia kwenye unyevu.